Gitaa Lililolia Peke Yake

Nawaomba radhi mapema nyote mtakaosoma. Mwandiko wangu umelala upande, na herufi nyengine nazikosea hata nikiandika jina langu mwenyewe. Nilisoma skuli ya msingi tu, na baada ya hapo mkono wangu ulizowea sindano zaidi kuliko kalamu. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima, tena nikishaufunga mlango, kwa sababu mtu akinitazama naandika vibaya zaidi. Mjukuu wa dada yangu amesema atanichapishia na kunisahihishia. Nimemwambia asahihishe herufi, lakini maneno ayawache kama yalivyo.

Bi Zuwena alifariki mwaka jana, akiwa mtu mzima sana, Mkunazini, katika chumba kile kile nilimomkuta siku nilipoletwa mjini. Habari za wazee wangu na nilikotoka siandiki hapa. Inatosha kusema kwamba nilitoka shamba, kusini, msichana wa miaka kumi na sita mwenye haya hata ya kuitikia salamu, nikaletwa kwake kujifunza kushona kofia za viua, vile vitundu vidogo vya kuzungushia uzi. Nilikuja nikabaki. Baada ya mazishi ilinipasa mimi kufungua sanduku lake na kugawa nguo, na chini kabisa, chini ya doti ambazo hajazivaa hata mara moja, nikaikuta kanga nyekundu iliyochujuka. Ncha moja ilikuwa na fundo. Sikulifungua. Nilikaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa, na friji la jikoni likaanza kuvuma, na ule mvumo ukanirudisha Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwenye ukumbi mmoja, alasiri moja, mbele ya gitaa lisilo na mpigaji.

Ulikuwa mwaka wa sita au wa saba baada ya Mapinduzi. Nyumba ya Mkunazini ilikuwa na ghorofa mbili, ngazi za mbao nyembamba na vyumba vingi kuliko watu. Sisi tulikaa juu: Bi Zuwena, mwanawe Hamudi, na mimi. Bi Tatu, jirani mwenye ulimi, alikaa upande wa pili wa ua na mbuzi wake. Vyumba vyengine vilikuwa na makufuli, na sikumsikia mtu akisema wenyewe wamekwenda wapi. Kimoja kilikuwa na kioo kikubwa ulichokiona ukichungulia tundu la ufunguo, na ndani ya kioo ulikiona kitanda kilichotandikwa. Miaka ile watu waliondoka bila kuaga. Asubuhi ulikuta mlango umefungwa, na mtu akikuuliza habari za fulani ulisema hujui, kwa sababu kweli hukujua. Nilijifunza kupita mbele ya milango ile kwa kunyata, kama vile ndani kuna mgonjwa. Hata leo, na nyumba imejaa watoto na televisheni, nikipita pale miguu yangu hunyata yenyewe.

Chumba cha Bi Zuwena ndicho kilichokuwa na uhai. Tulishona dirishani, kwenye mkeka, kwa sababu ya mwangaza. Ukutani, ndani ya mfuko wa kitambaa cha kijani, palining'inia udi wa marehemu mumewe, ule wa kupigwa, si wa kufukiza. Mumewe alikuwa mpigaji wa taarab, na watu wa makamo bado walimtaja barazani. Kila Alkhamisi Bi Zuwena aliuteremsha ule udi, akaufuta vumbi, akaurudisha bila kugusa nyuzi. Kile kipande cha pembe alichokuwa akipigia marehemu, chembamba, cheusi, kilicholika upande mmoja kwa kidole gumba, hakikukaa pamoja na udi. Alikificha kwenye kikopo cha vifungo. Nilikijua kwa sababu nilitumwa vifungo mara nyingi.

Hamudi alifunzwa udi na baba yake tangu mdogo. Mimi sikumkuta akiupiga. Nilimkuta kijana mrefu, mchache wa maneno, anayetengeneza redio kwa fundi mmoja Darajani, na vidole vyake vina makovu ya waya. Alikuwa amejitengenezea gitaa la umeme kwa ubao wa mlango wa kabati, na nyuzi zake mbili nene zilikuwa waya za breki za baiskeli. Spika aliipata kwenye senema moja walipokuwa wanaitupa, kwa sababu karatasi yake ilikuwa imechanika. Fundi mwengine angeiziba. Hamudi aliiwacha hivyo hivyo, akasema mchaniko ndio utamu wake. Baharia mmoja alikuwa amemsikilizisha santuri za Ulaya ambazo magitaa yake yalinguruma vile, na tangu hapo hakutaka sauti safi tena. Rafiki yake Kassu, mwanafunzi wa seremala kutoka Ng'ambo, ndiye aliyepiga dramu, na ndiye aliyeuita muziki wao muziki wa chuma. Kulikuwa na mwengine wa gitaa la besi, kijana mpole ambaye hakuwahi kupanda juu.

Walifanyia mazoezi ghala la chini, wameziba mlango kwa magodoro. Haikusaidia. Sauti ilipanda kwenye kuta za mawe, ikaja kwenye mkeka, ikaingia kwenye sindano. Siku ya kwanza nilijichoma kidole, na tone la damu likaingia kwenye kofia nyeupe ya watu. Ilikuwa kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria ndani ya kifua changu. Niliogopa. Siku ya tatu au ya nne niligundua kwamba wakati wa mazoezi ukikaribia nakaa upande wa ngazi, karibu na sauti, na wala sijui nani amenihamisha. Bi Zuwena alifanya kinyume. Magodoro yakishawekwa tu, alichukua kofia yake akapanda juu ya paa na jua lake, mpaka wamalize. Hakumkataza. Hakusema ni haramu wala ni aibu. Hakusikiliza tu, na nadhani hilo lilimuuma Hamudi kuliko matusi.

Nakumbuka chakula kimoja. Mchele siku zile ulikuwa wa foleni, na siku hiyo mchele uliisha kabla ya zamu yetu, kwa hivyo tulikuwa na muhogo wa nazi na changu wawili wadogo. Bi Tatu alikuja kuomba chumvi akakaa. Hamudi alikuwa anauchezea muhogo kwa kidole.

"Mama, nipe kile kipande cha baba."

"Kipande gani?"

"Cha pembe. Mimi nakata vya ndoo ya plastiki, na zile nyuzi zinavila. Havimalizi wimbo."

"Kile cha udi."

"Udi haupigwi, mama."

"Haupigwi kwa sababu mwenyewe amekufa, na aliyefunzwa amekwenda kushika breki za baiskeli." Aliupasua ule mgongo wa samaki taratibu, akamwekea Hamudi upande wenye nyama. "Kula."

Bi Tatu akasema, "Mpe, Zuwena. Pengine akishika kitu cha baba yake ile ngurumo itapata adabu. Jana mbuzi wangu kakata kamba."

"Mbuzi wako kafuata maganda ya ndizi," akasema Hamudi.

"Kafuata maganda akiwa anatetemeka. Mwenyewe nimemshika mbavu."

Hamudi alicheka, hata mimi nilicheka ndani ya kanga yangu. Bi Zuwena hakucheka. Alimtazama mwanawe anavyocheka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona mtu mwengine. Nimekuja kufahamu baadaye kwamba Hamudi akicheka alikuwa baba yake mtupu. Wakati ule niliona tu kwamba amewacha kula.

Habari za onyesho zilikuja kabla ya mvua za masika. Vijana wa Ng'ambo walipata kibali cha kufanya muziki alasiri katika ukumbi mmoja karibu na uwanja wa mpira, kwa sharti umalizike kabla ya magharibi. Vikundi vitatu: vijana wa taarab, bendi ya dansi iliyokuja kutoka Dar es Salaam, na mwisho kabisa Hamudi na wenzake. Mazoezi yakawa kila siku. Alasiri moja Bi Zuwena alikuwa juu ya paa, na mimi nilikuwa nateremsha birika la chai ya mchaichai kwa wale vijana. Muziki ulikuwa umesita. Nilifika kwenye ngazi ya mwisho nikasikia sauti ya Kassu, na haya yangu yakanisimamisha pale pale, kwa sababu sikujua niingie wakati gani.

"Sema kweli. Unakwenda?" Kassu aliuliza.

"Pana mtu kaniambia ana nafasi kwenye jahazi. Baada ya onyesho. Bara, halafu Mombasa."

"Na Bi Zuwena?"

Nikamsikia Hamudi anakaza uzi, ting, ting, unapanda.

"Mama simjui, Kassu. Namwona kila siku, simjui. Hajanisikia hata siku moja. Nikiwa mdogo nikikosea udi alikuwa jikoni, anasema kule kule, umekosea. Siku hizi nikikosea hakuna anayesema kitu." Akapiga ule uzi mara moja. "Akija ukumbini akakaa mpaka mwisho, nabaki. Hata asiponisifu. Akae tu."

"Mwambie basi."

"Nikimwambia atakuja kwa kuwa nimemwambia."

Nilipanda na birika langu bila kulipeleka. Nilikaa nalo kwenye chumba, likapoa. Mtu mwenye haya hujua mambo mengi ya watu, kwa sababu watu husahau kwamba yupo, na mara nyingi hufa nayo. Lile sikuweza kufa nalo. Bi Zuwena aliposhuka kutoka paani, na jasho usoni, nilimwambia yote, macho yangu yakiwa kwenye mkeka. Nilisema neno la Mombasa kwa sauti ndogo sana akaniambia nirudie.

"Kasema hivyo? Akae tu?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Alikaa, akachukua kofia, akatia uzi kwenye sindano, akashona viua kama viwili. Kisha akasema, "Mize, niangalizie buibui langu kama halijatoboka."

Siku yenyewe Hamudi aliondoka mapema na wenzake, wamepakia vyombo kwenye gari la ng'ombe. Bi Zuwena alioga, akajipaka mafuta ya mawaridi, akavaa gauni na kanga nyekundu kiunoni. Nilikuwa nafunga mlango nilipomwona ameshika kikopo cha vifungo. Alikitia kile kipande cha pembe kwenye ncha ya kanga, akafunga fundo, akalikaza kwa meno, kama wanawake tunavyofunga vitu vyetu. Alinikuta namtazama.

"Taarab mtu akikufurahisha unamtunza," alisema. "Mimi sijui ya magitaa. Najua hiyo."

Kwa wasioijua taarab nitaeleza. Mwimbaji akikugusa moyo, unainuka ulipokaa, unakwenda mbele polepole, wimbo ukiendelea, unampa noti au ua au chochote, unarudi. Hamtazamani. Watu wote wanaona na kila mmoja anajua umesema nini bila kufungua mdomo. Wapo waliopatanishwa hivyo, na wapo waliogombana. Bi Zuwena alipokuwa bibi harusi, aliniambia njiani, alimtunza mumewe mbele za watu, na mumewe akakosea wimbo.

Ukumbi ulikuwa umejaa na moto. Mlangoni walisimama watu wawili wanaotazama suruali za vijana, kwa kuwa zile pana chini zilikuwa zimekatazwa, na wenye nazo walikuwa wamezikunja mpaka magotini na kujidai wametoka pwani. Wanawake tulikaa mabenchi ya kushoto. Bi Tatu alikuwa ameshafika, na kisahani cha urojo mkononi.

Vijana wa taarab walipiga vizuri, kidogo kwa woga. Mwimbaji wao alikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, lakini maneno yalikuwa mazuri, na Bi Tatu alikwenda kutunza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yetu, ambaye alijua kaambiwa yeye na akageuza shingo. Kisha ikaja bendi ya Bara na matarumbeta yao yanayong'ara. Walikuwa mahodari, wamevaa sare, wanageuka wote pamoja kama askari, na vijana wa kiume wakacheza wenyewe kwa wenyewe kwa kuwa hakuna msichana aliyethubutu kuinuka. Bi Tatu alisema wanapiga kama watu waliokula wakashiba. Mimi niliona ni kitu kizuri ambacho hakinihusu. Bi Zuwena alikuwa akitazama jukwaa tu. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya buibui, na najua ulikuwa umeshika nini.

Hamudi alipotoka hakusalimu. Alichomeka waya, na spika ile iliyochanika ikatoa mvumo, mzito, kabla hajagusa kitu. Kisha akapiga.

Nimejaribu asubuhi nyingi kuiandika sauti ile na nimeshindwa. Ghalani tuliisikia kupitia magodoro na mawe. Pale haikuwa na nguo. Ilikuja kwenye benchi, kwenye meno. Mtoto mmoja alilia. Mzee mmoja upande wa wanaume aliinuka, akasema umeme umeingia maji, watu watoke, na alisema kwa nia njema kabisa, akawa anawashika wenzake mikono kuwapeleka nje. Nusu ya mabenchi yetu ilianza kuondoka. Bi Tatu aliziba masikio kwa vidole vyenye urojo, akaketi vile vile, kwa sababu hakutaka kukosa. Lakini vijana mbele walikuwa wamesimama, wanapiga sakafu kwa miguu, wameteremsha suruali zao zilizokunjwa, nyuso zao kama watu wanaosikia habari waliyoingojea muda mrefu. Mimi sikuwa nao wala sikuwa na wanaotoka. Nilikuwa nalia, na nilikuwa sina huzuni. Katikati ya ile kelele, na sijui wangapi waliisikia, Hamudi alikuwa anapiga kitu cha baba yake. Zile ngazi za udi, zinazopanda na kusita na kurudi, zilikuwa mule ndani, zimechanika na kuwa kubwa, kama mtu unayemjua anapopiga kelele na bado unamjua kwa sauti.

Bi Zuwena alisikia. Nilimwona anavyosikia. Midomo yake ilikwenda pamoja na nyuzi, na pahala fulani alikunja uso na akasema, mimi nilisoma midomo tu, "umekosea." Kisha aliinuka.

Alitembea kama wanavyotembea wanawake wa zama zake wanapokwenda kutunza, polepole, uso mkavu, macho chini, bila tabasamu, kwa sababu kutabasamu ni kujionesha. Watu waliokuwa wakitoka walimpisha. Alipokaribia jukwaa aliinua buibui lake kwa mbele, akatia mikono yote miwili kiunoni, kwenye kanga, na kuanza kuhangaika na lile fundo. Alikuwa amelikaza mno kwa meno. Alivuta upande huu, akavuta upande ule.

Mtu yeyote wa kwetu anajua mwanamke anapomwendea mtu na uso mkavu, akaishika kanga yake kiunoni kwa mikono miwili, maana yake nini. Anajifunga kibwebwe. Amekuja kugombana. Kijana mmoja mbele akapiga kelele, "Mama kaja kumchukua mwanawe." Wengine wakacheka, wakapisha njia, wakaanza kupiga makofi kwa mpango, mama, mama, mama. Nilisimama juu ya benchi. Nilimwita Hamudi kwa nguvu zote nilizonazo, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kuita mtu barabarani, na sauti yangu sikuisikia hata mwenyewe.

Hamudi alifumbua macho. Alimwona mama yake, na mikono yake, na watu wanacheka. Aliwacha kupiga. Alilitua gitaa, si kwa hasira, aliliegemeza kwenye spika kwa uangalifu kama anayemlaza mtu, akashuka kwa nyuma, akatoka mlango wa uani. Kassu alipiga dramu mara mbili tatu kama mtu asiyejua kilichotokea, akawacha.

Na gitaa likaendelea. Lile gitaa ukiliweka karibu na spika hulia lenyewe, Hamudi alikuwa akifanya hivyo ghalani kwa mchezo. Sauti moja, ndefu, inayopanda bila kuvuta pumzi. Watu wote walisimama wakilitazama, waliokuwa wakicheka wakawacha kucheka, na mzee wa umeme akasoma dua. Bi Zuwena alikuwa amelifungua fundo. Alisimama mbele ya lile gitaa, mkono umenyooka, kiganja wazi, na kipande cha pembe juu yake. Alingoja. Nadhani alifikiri mwanawe kaenda kunywa maji. Alingoja mpaka mtu mmoja akang'oa plagi ukutani.

Nilikimbia uani. Palikuwa na kuku na ngazi iliyolala. Hamudi hakuwapo, na kule ghalani hakurudi, wala kazini. Bi Zuwena tulirudi naye kwa miguu, magharibi inaadhiniwa. Hakuniuliza kitu njiani ila mara moja. "Mize, nilikwenda vibaya?" Nikamwambia, "Ulikwenda vizuri, bibi." Nyumbani alipika muhogo, akamwekea Hamudi sahani yake, akaifunika kawa. Asubuhi aliitoa akawapa kuku, akapika nyengine. Alifanya hivyo mpaka masika yakaisha, na hakuna aliyemkataza, hata Bi Tatu. Kipande cha pembe alikirudisha kwenye ncha ya kanga, akafunga fundo, akaiweka kanga ndani ya sanduku. Kitanda cha Hamudi alikitandika. Siku moja nilipita mbele ya chumba chake nikajikuta nanyata, nikajua kimekuwa kama vile vyengine.

Baadaye kidogo alianza kuniuliza. Tunashona, yeye anainua kichwa. "Unasikia?" Mimi sikusikia kitu, nikasema labda ni nyuki, labda ni gari Darajani. "Si nyuki," alisema. "Mtu kaliwacha gitaa." Mwaka ule haujaisha na mimi nikawa nasikia. Sijui kama nilisikia yake au yangu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimerudi Mkunazini kumuuguza, na kila penye kitu kinachovuma, feni, jenereta, friji, huwa nasimama kidogo. Na yeye alikuwa akiniona nimesimama, na hatukusemeshana.

Kassu alikuja kwenye arobaini ya Bi Zuwena. Ni mzee sasa, fundi wa milango anayeheshimika, na sikio lake la kushoto halisikii. Aliligusa akasema, "Hili ndilo lililokuwa upande wa spika. Watu hudhani limekufa. Linalia mchana kutwa." Baada ya hitima tulikaa na vikombe vyetu vya kahawa. Aliniambia jambo ambalo muda wote huu hakuwahi kulisema katika nyumba ile. Miaka ile ile alipata salamu kutoka kwa Hamudi, kwa mdomo wa mtu, Mombasa. Yu hai, anapanda meli. Kassu alipomtuma yule mtu amsihi arudi kwa mama yake, jibu lilirudi hivi: mwambieni Kassu mama alijifunga kibwebwe mbele za watu, na mimi sitomtia aibu tena. Baada ya hapo habari zake zilikatika.

"Sikuweza kumwambia Bi Zuwena neno kama lile," alisema Kassu. "Na mimi niliona kwa macho yangu. Alijifunga."

Niliingia ndani, nikaitoa kanga, nikaiweka mapajani mwake. Nikamwambia ashike fundo. Alilibonyeza kwa vidole vyake vya seremala, vidole vinavyojua mti na mfupa na pembe bila kutazama. Alilibonyeza muda mrefu. Alijua umbo la kile kipande cha pembe, kwa kuwa Hamudi alikuwa akimwelezea kila alipokata kipande cha ndoo. Kisha alivua kofia yake, akaifunika usoni.

Kwa hiyo ndio nimeandika. Hamudi akiwa hai ni mzee, mrefu, mchache wa maneno, vidole vyake vina makovu ya waya, na akicheka hucheka kwa mabega. Huenda yuko Mombasa, huenda yuko mbali zaidi, huenda jina amelibadilisha. Kama unamjua, au ulisafiri naye, au uliwahi kumsikia mtu kama huyo akipiga gitaa au akikataa kulipiga, naomba uniandikie. Usione haya kwa mwandiko, wako hautashinda wangu kwa ubaya, na barua nazisoma pole pole lakini nazimaliza. Kanga bado ninayo na fundo sijalifungua, si langu. Na kama barua haiwezekani, basi unapomwona mwambie tu, kwa sauti kubwa, maana masikio yake huenda ni kama ya Kassu. Mwambie mama yake alikaa mpaka mwisho. Mwambie hakuwa anajifunga kibwebwe. Alikuwa anafungua.